Jiwe la Mombasa

Wasomaji wangu, nataka kuwasimulia habari za safari yangu ya kwenda Mombasa, mji wa kale wa bandari katika pwani ya Kenya. Lakini yafaa niseme kweli tangu mwanzo. Safari hii haikuanzia kituo cha mabasi. Ilianzia darasani, tena ilianza kwa uwongo. Na aliyesema uwongo huo hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwalimu wao, yaani mimi.

Mimi ni mwenyeji wa Kiboriloni, karibu na mji wa Moshi, kando ya barabara iendayo Himo. Nyuma yetu umesimama mlima Kilimanjaro, na mbele yetu nchi inateremka kuelekea nyika. Nimekuwa mwalimu kwa miaka 22. Kila mwaka huwafundisha watoto wa darasa la sita habari za wageni waliokuja pwani ya Afrika ya Mashariki zamani, nami huwaeleza habari za Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa, ambayo watu wengi huiita Fort Jesus. Nalikuwa nikisoma kitabuni, nikiandika ubaoni, nao wakinakili. Mombasa yenyewe nalikuwa sijapata kufika hata siku moja, ingawa mtu akiondoka kwetu alfajiri aweza kufika huko kabla jua halijatua.

Basi siku moja nalikuwa nimewafundisha habari za mmisionari Johannes Rebmann. Yeye alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akapita nyika pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima wetu umevaa theluji. Habari zilipofika Ulaya, Bwana Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Aliandika maneno mengi ya kumpinga Rebmann, naye hakupata kuikanyaga nchi hii maisha yake yote. Watoto wakacheka sana. Nami nikacheka pamoja nao, nikawaambia, "Mwaona aibu ya mtu asemaye asiyoyaona?"

Juma hilohilo tukafika katika habari za Ngome. Msichana mmoja, ambaye baba yake ni mwashi, akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mawe ya ngome hiyo ni ya namna gani? Ni kama haya yetu?"

Swali hilo halikuwamo kitabuni. Ningaliweza kusema "Sijui," na neno hilo ni fupi, halina gharama. Lakini mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 43 huliona neno hilo zito kuliko gunia la mahindi. Nikajibu kwa haraka, "Ndiyo, ni mawe meusi, magumu na mazito, kama haya yetu ya mlimani."

Akauliza tena, si kwa utovu wa adabu, bali kwa kutaka kujua: "Mwalimu umeyaona?"

Darasa lote likanitazama. Nikasema, "Nimeyaona."

Msichana akainama akaandika. Jioni nikaketi kusahihisha madaftari. Katika kila daftari nikakuta maneno yaleyale: mawe ya ngome ni meusi, magumu na mazito. Nami kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Ningefanya nini? Nikaweka alama ya vema, daftari baada ya daftari, mara 43. Nilipomaliza nikazima taa, lakini usingizi haukuja. Nikamkumbuka Bwana Cooley wa London, nikaona kwamba yeye na mimi tu ndugu.

Wahenga wetu husema, njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Ilinichukua toka Kiboriloni hata Mombasa.

Nikaweka akiba ya fedha kidogo kidogo, na likizo ya mwezi wa Juni mwaka wa 2023 ilipofika, nikapanda basi. Tukapita Himo, tukafika mpakani Holili. Huko tulikaguliwa hati zetu, nikabadili fedha, tukaingia Taveta. Toka hapo barabara inakwenda karibu na njia ya reli ambayo Waingereza waliijenga kutoka Voi wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wazee wetu walipanda gari la moshi kwa njia hiyo kwenda pwani. Nikatazama nyuma, nikauona mlima ukipungua polepole hata ukawa kama wingu. Kisha tukaingia katika nyika ya Tsavo, yenye udongo mwekundu na tembo waliojipaka udongo huohuo hata wakafanana na vichuguu vinavyotembea. Nikawaza habari za misafara ya zamani iliyopita hapa kwa miguu, ikichukua pembe na watumwa kwenda pwani, na nguo na shanga kurudi bara. Sisi tulikaa vitini, na bado tulilalamika kwa joto.

Voi tukaishika barabara kuu, na alasiri tukavuka daraja la Makupa. Hapo nikafahamu kwa macho jambo ambalo nimeliandika ubaoni miaka mingi: Mombasa ni kisiwa. Bahari inaingia kwa mikono miwili na kukikumbatia. Mkono mmoja ni bandari ya Kilindini, ambamo meli kubwa za siku hizi hutia nanga. Mkono wa pili ni bandari ya kale ya majahazi. Katika barabara kuu ya mjini nikapita chini ya zile pembe za ndovu zilizotengenezwa kwa madini, ambazo zilianza kusimamishwa mwaka wa 1952 kwa heshima ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Watu wengi walikuwa wakipigwa picha. Mimi nikawaza juu ya pembe za kweli zilizotoka kwetu bara na kupakiwa katika bandari hii, wala hazikurudi.

Asubuhi nikanywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikaingia Mji wa Kale. Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kuombana radhi. Milango ni mizito, imechongwa maua na minyororo, na juu yake roshani za mbao zimetokeza njiani. Nikazunguka, nikapinda kulia, nikapinda kushoto, kumbe nimerudi palepale nilipoanza. Nikaona haya kuuliza, kwa maana nalikuwa nimevaa koti na tai kama mtu ajuaye aendako.

Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani akinywa kahawa. Alipoona nimepita mbele yake mara ya tatu, akainua mkono akasema kwa sauti, "Ndoo! Ndoo!"

Nikatazama chini nikitafuta ndoo. Nilidhani nimepiga teke ndoo ya maji ya mtu. Yule mzee akacheka hata kahawa ikamwagika. Kumbe watu wa Mombasa, katika Kimvita chao, pale tusemapo "njoo" wao husema "ndoo," na "njia" wao huiita "ndia." Ndiyo sababu barabara maarufu ya mji huo inaitwa Ndia Kuu. Mimi mwalimu wa Kiswahili nikajiona mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mtu akipotea mara moja ni bahati mbaya, lakini mara tatu ni kiburi. Kwa nini hukuuliza?"

Sikuwa na jibu. Nikaketi, nikaletewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha halua. Nikamweleza kwamba nimetoka Kiboriloni kuja kuona Ngome. Sababu yenyewe sikumwambia bado. Akasema atanipeleka mwenyewe, kwa kuwa miguu yake yahitaji kunyoshwa.

Njiani akanifundisha kuitazama nyumba ya pwani. "Tazama dari," alisema tulipoingia katika ukumbi wa jamaa yake. "Hizi ni boriti za mikoko. Boriti ikikatwa hupata urefu wake, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Kuta ni jiwe la matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Bahari imetupa samaki, ikatupa na nyumba."

Neno lile la matumbawe likanichoma moyoni, lakini nikanyamaza.

Akanionyesha mnara mweupe wa msikiti wa Mandhry, ambao wasema ulijengwa mwaka wa 1570. Tukateremka hata bandari ya kale. Majahazi yalikuwa machache, kwa maana ulikuwa wakati wa kusi na bahari ilikuwa imechafuka. Mzee akanieleza jinsi pepo mbili zilivyoujenga mji huu. Kaskazi ikivuma, yapata Desemba hata Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni na India. Kusi ikianza, huvirudisha kwao. Mfanyabiashara aliyekuja na upepo mmoja ilimbidi kuungoja upepo wa pili, na katika kungoja aliuza, alinunua, alioa, na kujifunza lugha. Hivyo ndivyo bandari inavyozaa mji.

Nikamwambia kwamba nimesoma habari za msafiri Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja kisiwani hapa mwaka wa 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, naye aliandika kwamba chakula cha watu wa Mombasa kilikuwa zaidi ndizi na samaki. "Ndizi!" akasema mzee. "Basi na ninyi wa mlimani mwala ndizi. Sisi ni jamaa, ila mmesahau samaki." Tukacheka, na tukafika Ngomeni.

Ngome imesimama juu ya mwamba kando ya mlango wa bandari ya kale, imeikazia macho bahari. Mtu akiitazama kutoka juu, umbo lake ni kama la mtu aliyelala, kichwa chake kimeelekea baharini. Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza mwaka wa 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, na mwaka wa 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kuuchoma moto. Hata mwaka wa 1593 wakaanza kujenga ngome hii, na mwaka wa 1596 sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo nilipoanza kusahihishwa. Miaka 22 nimewaambia watoto kwamba ngome ilijengwa na mfalme wa Ureno, basi. Kumbe mfalme huyo alikuwa Filipo wa Pili wa Hispania. Toka mwaka wa 1580 hata 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na buruji moja ya ngome inaitwa Mtakatifu Filipo hata leo. Wala aliyechora ramani yake hakuwa Mreno wala Mhispania. Alikuwa Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati. Na waliobeba na kuchonga mawe walikuwa mafundi kutoka India na vibarua kutoka Malindi. Nikaona kwamba neno moja nililoliandika ubaoni lilikuwa limefunika watu wengi kama kawa lifunikavyo chakula.

Tena nikakumbuka jambo jingine. Mwaka huohuo wa 1596, Waingereza na Waholanzi waliuvamia mji wa Cádiz, bandari ya kale na yenye utajiri huko Hispania, wakaupora na kuuchoma moto. Mfalme aliyekuwa akijenga ngome katika bandari ya watu wengine hakuweza kuilinda bandari ya nyumbani kwake. Na watu wa Cádiz, wakiutazama moto ule, waliuona msiba uleule waliouona watu wa Mombasa mwaka wa 1505.

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Mzee akanieleza maana yake. Ni habari za Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ukapiteni wa ngome mwaka wa 1635 akiwa kijana wa miaka 27. Jiwe linataja jina lake, umri wake, miji ya pwani aliyoiadhibu, na cheo alichopewa na mfalme kwa kazi hiyo. "Alijisifu vizuri," akasema mzee, "naye alikuwa na mchonga mawe wa kutosha."

Tukaingia ndani. Mzee akasimama kidogo langoni. Akaniambia kwamba toka mwaka wa 1895 hata 1958 mahali hapa palikuwa gereza, naye alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kucheza karibu. "Siku hizi wajukuu wangu huja hapa na walimu wao, wakila njugu," akasema. Baada ya gereza kufungwa, ngome ikafanywa hifadhi ya taifa, ikachimbuliwa na kutengenezwa kuwa makumbusho, na mwaka wa 2011 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Tukaona mizinga, na kisima, na nyumba ya Waomani, na michoro ya merikebu ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani katika siku zao za uchovu. Tukaona vitu vilivyotolewa katika merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka wa 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi toka mwaka wa 1977 hata 1980. Lakini mimi nalikuwa nikiutafuta ukuta. Nikauendea, nikaweka kiganja changu juu ya jiwe.

Halikuwa jeusi. Lilikuwa jeupe lenye kijivu, na mahali pengine rangi ya manjano. Lilikuwa na vitundu vingi kama mkate, na ndani yake nikaona vipande vya kombe, na alama kama za maua madogo, ambazo ni mifupa ya wadudu wa baharini waliolijenga jiwe hili zamani kabla ya wafalme wote. Upande wa jua lilikuwa moto. Upande wa kivuli lilikuwa baridi. Sikuwahi kuliwazia hata moja katika hayo.

Basi nikamweleza mzee habari yote: swali la msichana, na jibu langu, na alama 43 za vema. Hakucheka mara hii. Akaketi juu ya ngazi, akasema, "Mwanangu, keti nikuambie habari za watu ambao jiwe la langoni haliwataji."

Akanisimulia habari za mazingiwa makubwa. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman yaliizingira ngome. Ndani walikuwamo askari Wareno wachache, na pamoja nao wenyeji mamia kwa mamia, waume kwa wake, waliokimbilia humo. Njaa ikaja, kisha tauni. Mwaka wa 1697 wakafa askari, wakafa wenyeji, na mwezi wa Agosti akafa kapiteni mwenyewe. Nani akabaki kuilinda ngome ya mfalme? Alibaki Bwana Daud, shehe wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, na waume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioshika silaha na kukesha juu ya kuta hizi, hata msaada ulipofika kwa bahari mwezi wa Septemba. Baadaye tauni na njaa zikawarudia waliokuja, na tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakaingia. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zikatokea, zikaona bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuza tanga.

"Wanawake 50," akasema mzee. "Kapiteni kijana ana jiwe lake pale langoni. Wao hawana jiwe. Wewe ni mwalimu. Ukisema usiyoyajua, waongeza jiwe jingine juu yao. Ukiuliza, waliondoa."

Nikatazama kuta zile kwa muda mrefu. Sikujua kama wanawake wale waliipigania ngome kwa kupenda au kwa kukosa mahali pa kwenda, wala si juu yangu kuwavika sifa wasizozitaka. Lakini walikuwapo. Nami kwa miaka 22 nimewaambia watoto, "Wareno na Waarabu wakapigana," kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine.

Tulipokuwa tukitoka nikaona kipande cha jiwe kimeanguka chini ya ukuta, hakizidi yai. Nikainama. Nilitaka kukipeleka darasani. Mzee akanigusa bega. "Kila mgeni akichukua yai," alisema, "kesho kuku hatuna." Nikakirudisha mahali pake kwa aibu, kwa maana mtu aliyekuja kurekebisha uwongo alikuwa karibu kuwa mwizi.

Lakini katika Mji wa Kale tukamkuta mwashi akitengeneza ukuta wa nyumba mbovu, na chini yake rundo la vifusi. Nikamsalimu, nikamwomba kipande kimoja. Akashangaa. "Cha nini, mwalimu? Hiki ni taka."

Nikamwambia, "Ni cha mtoto wa fundi mwenzako, kule Kilimanjaro."

Akaweka mwiko chini. Akachagua katika rundo, akatupa kimoja, akatupa cha pili, hata akapata kipande chenye kombe nzima ndani yake. Akakipangusa vumbi kwa kanzu yake, akanipa kwa mikono miwili.

Shule ilipofunguliwa nikaingia darasani nikiwa na jiwe mfukoni, na magoti yangu yalikuwa mepesi kuliko jiwe lenyewe. Nikawaambia watoto, "Fungueni madaftari yenu mahali tulipoandika habari za Ngome ya Yesu. Maneno ya mawe meusi yapigeni mstari. Si kosa lenu, ni langu. Niliwaambia nimeyaona, nami nalikuwa sijayaona. Nilisema uwongo. Sasa nimekwenda, nimeona, nami nataka kuwaambia kweli."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Kimya kile sikukiandalia. Nikamwita yule msichana, nikampa jiwe. Akalipima kwa mkono, kama baba yake apimavyo tofali, akaligeuza, akalipeleka karibu na dirisha.

"Ni jepesi, mwalimu," akasema. Kisha akasema, "Lina kombe ndani."

Jiwe likapita mkono kwa mkono, watoto 43, na kila mmoja alilishika zaidi ya zamu yake. Nikawaeleza habari za mfalme wa Hispania, na Mwitalia, na mafundi wa India na vibarua wa Malindi, na Bwana Daud wa Faza, na wanawake 50. Mvulana mmoja wa nyuma akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, wanawake wale waliitwa nani?"

Darasa lote likanitazama, kama siku ile.

Nikasema, "Sijui."

Dari haikuanguka. Watoto hawakuniheshimu pungufu. Yule msichana akainama akaandika, na jioni nilipofungua daftari lake nikakuta ameandika hivi chini ya habari za ngome: majina ya wanawake 50 hayajulikani, mwalimu amesema hajui. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya vema, na usiku ule nikalala.

Enyi vijana msomao habari hii, mkipata nafasi nendeni Mombasa. Katazameni milango, na bandari, na ngome. Wekeni viganja vyenu juu ya mawe, upande wa jua na upande wa kivuli. Na mkipotea katika vichochoro, ulizeni mara ya kwanza, msingoje ya tatu, kwa maana kuuliza si ujinga. Lakini kama Mombasa ni mbali, yapo mawe karibu nanyi: daraja la kale, mfereji wa maji ulioteremka toka mlimani, kanisa la kwanza la kijijini. Mwulizeni bibi au babu ni nani aliyelibeba jiwe lile kichwani, akitoka wapi, na kwa ujira gani. Akikutajia jina, liandike. Asipolijua, andika kwamba halijulikani, wala usilibuni.

Lile jiwe la Mombasa lipo hata leo juu ya dirisha la darasa la sita. Watoto wapya wakiingia huliona na kuuliza limetoka wapi, nami huwasimulia habari hii tangu mwanzo, pamoja na uwongo wangu.